Spika ya Pili

Kama ungefika nyuma ya kile kituo cha mafuta ukaulizia fundi wa helmeti, watu wangekutazama wakijiuliza umetoka wapi. Lakini ungetaja Fundi Masikio, hata yule mziba pancha wa mlango wa pili angekuelekeza kwa kidevu bila kuinua kichwa kwenye tairi lake. Jina hilo walimpa waendesha pikipiki, na watu hao wakishakupa jina, hata mama aliyekuzaa ataishia kukuita hivyo. Mke wake alilikataa mwaka mzima. Kisha siku moja akajisikia mwenyewe anamwambia mgeni, "Fundi Masikio ametoka, atarudi saa kumi," na hapo mzee akajua jina lake la kuzaliwa limebaki kwenye kitambulisho tu.

Kibanda chake kilikuwa cha mabati, upana wa kitanda na nusu. Meza ilikuwa chini ya dirisha, na juu yake koleo, wembe, sindano ya kushonea magunia na chuma cha kulehemu kilichofungwa kitambaa kwenye mpini. Helmeti zilining'inia ukutani kwa mikanda yao. Mali yake yote ilikaa kwenye makopo ya maziwa ya unga: kopo la spika ndogo zilizotolewa kwenye simu zilizokufa, kopo la maiki ndogo kuliko punje ya mahindi, makopo mawili ya waya. Sponji alizikata kwenye magodoro yaliyotupwa. Soksi aliomba kwa majirani, zile za mguu mmoja ambazo hakuna nyumba isiyo nazo, akazikata vipande vya kufunika maiki ili upepo usivume ndani.

Zamani alikuwa fundi redio, na fundi mzuri. Watu wakaacha kuleta redio. Alikaa miezi anatazama barabara kupitia dirisha lile, akijifanya ana shughuli, mpaka asubuhi moja alipomwona kijana wa pikipiki amebana simu ndani ya helmeti, kati ya shavu na sponji, anaongea huku anatoka kituoni. Simu ikachomoka, gari lililofuata likaimaliza. Wote waliokuwepo walicheka, na yeye alicheka. Halafu akakaa siku tatu hali vizuri, anawaza.

Maana shida hiyo ilikuwa ya kila siku. Wenye pikipiki wawili wakifuatana safari moja, watazungumzaje? Walikuwa na honi: moja nisubiri, mbili nimekuona. Walikuwa na mguu, ukiunyoosha pembeni mwenzako anajua kuna shimo. Vinginevyo ilikuwa kupiga kelele. Ungewakuta watu wazima wawili, wenye wake na watoto, wanakwenda sambamba wamefunga njia nzima, mmoja anasema "Nasema hivi!" na mwingine anajibu "Nini?" mpaka wanafika. Madukani vilikuwepo vifaa vya kisasa vya kubandika kwenye helmeti. Ukiambiwa bei unacheka kwanza, kisha unashukuru na kutoka.

Fundi alijaribu mengi. Alianza na redio za mkononi, kama zile za walinzi, lakini mtu aliyeshika mpini wa mafuta kwa mkono mmoja na klachi kwa mwingine atabonyeza kitufe kwa kitu gani, kwa pua? Isitoshe, walinzi wenyewe walikuwa wanaingia katikati ya maongezi. Mbeba nyanya mmoja aliamrishwa njiani afungue geti haraka, bosi amefika, na kwa jinsi sauti ilivyokuwa kali alikaribia kusimama alitafute hilo geti.

Mwisho akarudi kwenye simu. Watu wawili wajiunge mtandao mmoja, ule ambao kupigiana wenyewe kwa wenyewe ni kama bure. Asubuhi mmoja anapiga, mwingine anapokea, simu zinaingia mifuko ya kifuani, na laini haikatwi mpaka kazi iishe. Waya unapanda shingoni unaingia kwenye helmeti. Spika inashonewa kwenye sponji karibu na sikio, maiki mbele ya mdomo na soksi yake. Basi. Watu wakaanza kuja, wakaleta wenzao, na kibanda kikajaa.

Ila alikuwa na sharti moja, na kwa sharti hilo alikosana na watu wengi. Spika ni moja tu. Inakaa upande wa ukingo wa barabara, na sikio la upande yanakopita magari linabaki wazi. "Sikio moja la mwenzako, jingine la barabara," alikuwa akisema. "Ukitaka yote mawili, nenda katafute fundi mwingine na sanda." Wengi walimbembeleza. Walisema upepo unameza maneno, wanasikia nusu nusu. Alikuwa anawarudishia helmeti zao mikononi na kugeukia meza. Na tuseme ukweli, alikuwa anajisikia raha kuwa mkali. Mtu akishakuwa na jambo moja ambalo hatetereki, huanza kujiona yeye ndiye jambo lenyewe.

Alikuwa na mtoto mmoja, wa kike. Tangu alipojua kusema hakunyamaza, na baba yake akamwita Cherehani, kwa sababu ukimkanyaga tu anaanza kukimbia. Alisimulia njia nzima kwenda shule na njia nzima kurudi. Alisimulia akila, akafua akisimulia. Mama yake alikuwa anamwambia, "Mwanangu, pumua." Na huyo Cherehani, katika wanaume wote walioumbwa, akamchagua mtu ambaye neno lake lilikuwa moja. Ukimuuliza amekula, eeh. Mvua itanyesha, eeh. Siku aliyokuja na wazee wake kuposa, wazee walizungumza saa nzima, na yeye alipoulizwa kama kweli anamtaka binti wa watu akasema eeh, na hapo tu ndipo watu walipoona ameisema kwa nguvu. Fundi alimpenda palepale. Wenzake wa barabarani walimwita Bwana Eeh.

Wale wawili walibeba mayai. Kila mmoja na pikipiki yake, trei zimepangwa nyuma na kufungwa kwa mipira, kutoka kwenye mabanda ya kuku nje ya mji mpaka kwenye bekari na maduka. Mayai hayataki utani na barabara. Cherehani alitangulia kwa sababu macho yake yalikuwa makali, naye mume wake alifuata na mzigo mkubwa zaidi. Mke anaona shimo, anasema kwenye laini: "Pembeni kuna shimo, ingia ndani." "Tuta, punguza." "Kokoto, nenda pole." Na katikati ya mashimo na matuta anamwaga habari zake zote, nani kasema nini bekari, nani kagombana na nani. Helmeti zao alizishona Fundi mwenyewe, na hakuna nyingine alizowahi kuzishona vizuri kuliko hizo. Kila moja na spika moja.

Mchana mmoja mkwe wake akaja kibandani peke yake. Akaweka helmeti mezani. Akakaa kwenye benchi, akatazama makopo, akatazama mikono yake. Fundi alimzoea, akaendelea kulehemu.

"Baba," alisema mwishowe, "naomba uniwekee ya pili."

"Ya pili nini?"

"Spika."

Fundi akaweka chuma chini. Alikuwa tayari na hotuba yake, anaijua kwa moyo. Lakini yule mtu alikuwa bado anasema, na kumsikia anasema maneno mawili kwa mfululizo kulitosha kumfunga mdomo mtu yeyote.

"Upepo unachukua maneno yake. Nasikia nusu. Anasimulia kitu, namsikia anacheka, mimi sijui anacheka nini. Nasema eeh tu. Nataka kumsikia yote, baba. Na usimwambie, atanigombeza. Anajua sharti lako."

Baba gani angekataa? Umemlea mtoto ambaye kila mtu anamwambia apumue, kisha anatokea mwanaume anakuja kukuomba amsikie zaidi. Fundi alijigeuza akijifanya anatafuta waya, kwa sababu machozi yalikuwa yanamlengalenga. Alimwambia, "Kwako tu. Na uwe unatazama vioo." Akatoa spika nzuri kuliko zote kwenye kopo, akaipima mara mbili, akaishona. Mkwe wake aliivaa palepale, akampigia mke wake simu kwa sababu isiyo na maana yoyote, akasikiliza. Fundi aliona uso wake unafunguka. Wakatazamana wakacheka, wanaume wawili na siri yao.

Wiki ile Cherehani alimwambia mama yake kwamba mume wake amebadilika. Sasa anacheka pale pale panapochekesha. Jana ameuliza swali! Mama mtu akasema ndoa ikikaa huiva, na Fundi aliyekuwa anakula pembeni akainamia sahani yake.

Siku ya tisa ilikuwa asubuhi ya jua, barabara kavu. Cherehani alikuwa mbele, anasimulia kisa cha mke wa mwenye bekari aliyejifungia stoo na paka bila kujua. Akaona shimo. Akasema, "Pembeni kuna shimo, ingia ndani," kisha akaendelea na paka. Mume wake akasema eeh, akaingia ndani, kuelekea katikati ya barabara. Nyuma yake kulikuwa na lori. Dereva alisema baadaye kwamba alipiga honi mara tatu, na watu waliokuwa wanachoma tofali kando ya barabara walisema ni kweli, honi ile hata wao iliwashtua. Walishangaa mtu yule kuhamia katikati kana kwamba yuko peke yake duniani.

Kwenye laini kilifika kishindo tu, kama cha kupita kwenye tuta. Cherehani akamgombeza: "Pole pole, mayai ya watu hayo!" Vioo vyake vya pembeni vilikuwa vimezibwa na trei, hakuona kitu. Kimya kilichofuata, kwa mtu mwingine yeyote, kingekuwa taarifa. Kwa mume wake kilikuwa kawaida. Akakata kona, akaendelea kusimulia. Alisimulia paka alivyoruka kwenye gunia la unga, alisimulia yule mama alivyotoka mweupe nywele hadi kucha, akacheka mwenyewe, akamsubiri naye acheke. Akamuuliza, "Umenisikia lakini?" Na kwenye sikio lake ikaingia sauti ya mwanaume asiyemjua, anasema na watu wengine: "Jamani, hebu sikilizeni. Helmeti yake inaongea."

Aliendesha mpaka alipofika bekari kwa sababu mikono haikujua kufanya kingine. Ndipo akaanguka.

Fundi ndiye aliyekwenda kituo cha polisi kuchukua vitu. Alipewa mfuko wa nailoni: koti, kiatu kimoja, simu iliyopasuka kioo, helmeti. Alitakiwa aende nyumbani. Akapitia kibandani. Akafunga mlango wa bati, akakaa, akaiweka helmeti mezani mahali pake pa siku zote. Akachukua wembe, akafumua mshono wake mwenyewe wa upande wa magari, akatoa spika ile nzuri, akarudisha sponji, akashona. Alishona vizuri. Mkono haukutetemeka hata kidogo, na hilo lilikuja kumtisha baadaye kuliko yote. Hakujiambia kwamba anaficha kitu. Alijiambia anamwondolea mtoto wake uchungu wa ziada. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Nyumbani Cherehani aliipokea helmeti kwa mikono miwili. Akaingiza kiganja ndani. Akapapasa upande mmoja, akaikuta spika. Akapapasa upande wa pili, sponji tupu. Akapapasa tena. Kisha akaiweka chini taratibu, na tangu wakati huo hakusema.

Si kwamba alikuwa bubu. Akiulizwa maji, alisema ndiyo. Watu walipokuja kumpa pole alisema asante. Lakini ile mbio ilikatika. Alirudi kuishi kwa wazazi wake, kwenye chumba chake cha zamani kinachotazama jikoni, akawa anaamka, anafagia, anapika, anakaa. Nyumba ambayo kwa miaka ishirini ilikuwa inaombwa ipewe nafasi ya kupumua ikawa kimya mpaka unasikia saa ya ukutani. Majirani walisema atazoea. Mama yake aliacha kulala vizuri. Mpaka jina lile, Cherehani, wazazi waliacha kulitumia bila kuambiana, wakawa wanamwita mwanangu, mama, wewe.

Wiki zikapita, mwezi, ukaanza wa pili. Mchana mmoja mke wa Fundi akaja kibandani, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, akasimama mlangoni na kanga ya mabega imemlegea.

"Leo amesema."

"Nani?"

"Nani tena! Mwanao. Amekaa na mimi jikoni, akasema." Akaingia, akakaa kwenye benchi. "Anasema mume wake sikio la barabara lilikuwa wazi. Kwa hiyo honi aliisikia. Aliisikia, na bado akafanya alivyoambiwa na mke wake. Anasema mtu akikuamini kiasi hicho, akaacha honi ya lori akafuata mdomo wako, basi wewe ndiye uliyemuua. Hivyo hivyo alivyosema, bila chozi."

Fundi alibaki ameshika koleo.

"Mwambie kitu, baba watoto. Mimi sijui mambo yenu ya waya. Wewe ndiye Masikio."

Siku tatu alizunguka. Siku ya kwanza alimwambia binti yake kwamba siku ile kulikuwa na upepo, pengine honi haikufika. Yule binti akamtazama kwa upole, kama unavyomtazama mtu mzima anayekupa pipi, akasema, "Baba, si wewe uliyenifundisha? Sikio moja la barabara linatosha. Hukuwahi kukosea." Siku ya pili hakumwambia kitu. Alikaa mezani hawezi kula, anamwona mtoto wake anapanga matonge sahanini bila kuyapeleka mdomoni, akawa anajua kwamba kinachomla ni sponji tupu, na sponji ile ameishona yeye. Alijua pia kitakachotokea akisema. Alikuwa na mtoto mmoja tu duniani. Mkwe wake alikuwa ameshakufa, hakuna neno litakalomrudisha, na yeye alikuwa bado anaitwa baba. Jambo hilo alilizungusha kichwani mpaka likamchosha.

Siku ya tatu, saa nane mchana, alifunga kibanda akaenda nyumbani. Mke wake alikuwa sokoni. Binti yake alikuwa kwenye kibaraza cha nyuma, amekaa kwenye kigoda, anachambua maharage kwenye sinia. Fundi hakukaa. Aliogopa akikaa atazungumza mengine.

"Zilikuwa mbili," alisema.

"Nini zilikuwa mbili?"

"Spika. Kwenye helmeti ya mume wako. Ya pili niliiweka mimi, siku tisa kabla. Nikaitoa mimi kabla sijakuletea helmeti."

Vidole vya binti viliendelea kutenga mawe. Moja, mbili. Kisha vikasimama.

"Masikio yote mawili?"

"Yote mawili."

"Kwa hiyo honi hakuisikia."

"Hakuisikia, mama. Asingeweza. Nilizipima mwenyewe, zilikuwa zinaziba kila kitu."

"Alikuwa ananisikia mimi tu."

"Wewe tu."

Alikuwa anauliza moja moja, taratibu, kama anayepanga mayai kwenye trei. "Wewe ndiye uliyemwambia aweke?"

"Alikuja mwenyewe. Alisema anakusikia nusu. Anakusikia unacheka na hajui unacheka nini. Alisema, nataka kumsikia yote."

"Alisema hivyo? Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake. Nami pia nilishangaa."

Hapo sinia ikamponyoka, maharage yakatawanyika kibarazani, na kilio ambacho nyumba ilikisubiri karibu miezi miwili kikatoka. Hakikuwa kilio cha jambo moja. Alilia kwa ajili ya siku tisa zile ambazo mume wake alikuwa anacheka mahali panapochekesha, na yeye hakujua kwa nini. Alilia kwa ajili ya paka na unga. Alilia mpaka akainama, paji la uso likagusa magoti. Fundi akapiga hatua, akanyoosha mkono kumshika bega kama alivyomshika tangu akiwa mtoto.

"Usiniguse, baba."

Akarudisha mkono.

"Spika ningekusamehe leo hii," alisema. Alikuwa ameinua uso, umelowa wote. "Ningekusamehe sasa hivi, wallahi. Ulimpa alichotaka, na alichotaka ni mimi. Lakini ulikaa. Kila siku unaingia hapa, unanawa, unakula, unaniona. Unaniona naamini kwamba alisikia honi akanisikiliza mimi. Na wewe unajua kwamba sivyo. Ulikuwa unanitazama hivi hivi, baba?"

Alisimama na mikono yake mitupu mpaka mke wake aliporudi na kikapu akawakuta na maharage yametapakaa kati yao.

Wiki ile ile sauti ilirudi. Ilianza jikoni, siku ya nne, kidogo kidogo: alikuwa anamweleza mama yake kuhusu muuza vitunguu. Siku iliyofuata ilikuwa ndefu kidogo. Majirani wakasikia ukutani wakatabasamu. Baada ya mwezi alirudi barabarani, pikipiki moja, trei chache, na watu wa bekari walisema amerudi yule yule, ana habari zaidi ya gazeti. Anaongea na wateja na wenye kuku. Akipita pale kituoni, hata mziba pancha anamsimamisha kazi robo saa nzima. Mama yake anasema mwanangu pumua, kisha anafuta macho kwa pembe ya kanga.

Ila kwa baba yake haongei. Heshima hajaipunguza: humwamkia asubuhi, humletea maji ya kunawa, hujibu anachoulizwa. Chakula tayari. Mama ametoka. Ndiyo, baba. Hapana, baba. Akishamaliza ananyamaza, na akiwa katikati ya habari na mama yake, baba akaingia, habari inaishia pale ilipofika.

Fundi bado yuko kibandani. Bado anashona spika moja. Wateja wakimuuliza kwa nini si mbili, hasemi tena ule msemo wake wa sikio la mwenzako na sikio la barabara. Anatikisa kichwa tu, nao wanadhani uzee umemfanya mpole.

Jioni akirudi hukuta mlango wa mbele umerudishwa tu, na kutoka uani anaisikia sauti ya binti yake, inapanda na kushuka, inaiga watu, inacheka kabla ya kufika mwisho. Anasikia maneno yote, hakuna linalompita. Anajua akisukuma mlango yatakatika. Basi hukaa pale kizingitini na viatu vyake mguuni, mpaka habari iishe, ndipo anakohoa na kuingia.